Chanjo asilimia 113, na bado kuna watoto hawajachanjwa: hesabu hii inakwendaje?

Swali

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya ya zahanati yetu hapa Bagamoyo, upande wa pwani. Kwenye kikao tulisomewa kwamba Penta dozi ya tatu kata yetu imefikia asilimia 113, watu wakapiga makofi. Nilinyamaza, lakini jirani yangu anayelima mwani ana watoto wawili ambao kadi zao za kliniki zina nafasi tupu, na mdogo wao hana kadi kabisa. Naomba nieleweshwe. Asilimia hiyo inapatikanaje? Inawezaje kupita mia? Zile takwimu za taifa tunazozisikia redioni nazo zinatokana na hesabu hiyohiyo? Na sisi wa huku chini tufanye nini ili tujue hali halisi ya watoto wetu?

Jibu

Shikamoo mama. Umeuliza jambo ambalo wajumbe wengi wanalo moyoni lakini hawalisemi, kwa sababu makofi yameshapigwa. Kwanza nikutoe hofu: si lazima awepo mtu aliyedanganya. Asilimia 113 inaweza kutoka kwenye vitabu vilivyojazwa kwa uaminifu, na watoto wa jirani yako wakawa kweli hawajachanjwa.

Asilimia ya chanjo ni namba mbili zinazogawanywa. Ya juu ni dozi zilizotolewa. Ya chini ni watoto waliopaswa kuzipata, ambao ripoti inawaita walengwa. Ya juu inahesabiwa kituoni. Ya chini haihesabiwi na mtu, inakadiriwa, na mara nyingi inakadiriwa mbali na kijiji, kwa kutumia sensa. Karibu kila kinachokushangaza kinatokana na tofauti hiyo.

Tuifuate namba ya juu. Mtoto anapofika kliniki akiwa na wiki 14 anapewa matone ya polio, anachomwa sindano ya polio, ya nimonia na ile Penta ya tatu. Penta peke yake inakinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na vijidudu vya Hib vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Muuguzi anajaza kadi ya mtoto, anaandika kwenye rejesta ya watoto ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kitabu namba 7, halafu anakata kialama kwenye karatasi ya kuhesabia, ile wenyewe wanayoiita tali. Mwisho wa mwezi vialama vinajumlishwa, ripoti inakwenda wilayani, inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, na kuanzia hapo mkoa na wizara wanaiona.

Sasa tazama kinachobaki zahanati: jina la mtoto. Kinachopanda juu ni idadi ya dozi tu. Aliyeko Dodoma anaweza kuona kwamba zahanati yenu ilitoa dozi 19 za Penta ya tatu mwezi uliopita, lakini hawezi kujua kwamba wanne kati ya hao walitoka kata ya jirani, wala kwamba kuna mtoto mmoja nyuma ya nyumba yako ambaye hakuletwa. Ukihesabu masinia yaliyotoka jikoni siku ya shughuli utajua chakula kilichopakuliwa, ila hutajua nani aliondoka hajala.

Na kwa Bagamoyo, hao wanne wa kutoka nje ni jambo la kila siku. Binti aliyeolewa Dar es Salaam au Morogoro anarudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza. Mtoto anapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya mwanzo hapa, wiki ya sita anachanjwa hapa, pengine na wiki ya kumi, ndipo mama anarudi kwa mumewe. Kwenye makadirio mtoto huyo ni mlengwa wa huko kwa baba yake, lakini dozi zake mmezihesabu nyinyi. Kinyume chake kipo pia. Mama anayekaa Mapinga anaona Bunju ndiko karibu, anapita huko kila siku kwenye shughuli zake, basi na mtoto anamchanjia huko. Mpaka wa Mkoa wa Pwani na Dar es Salaam uko katikati ya safari yake na yeye haumhusu. Hesabu ya upande mmoja inavimba, ya upande mwingine inasinyaa, na watoto wote wamechanjwa vizuri kabisa.

Kuna na mambo madogo ya mezani. Siku yenye foleni, muuguzi mmoja anapima uzito, anachoma na anaandika, kwa hiyo tali inaachwa mpaka jioni inajazwa kwa kukumbuka. Mtoto aliyekwishatimiza mwaka akipewa dozi aliyoikosa, dozi hiyo ina safu yake. Ikiingizwa kwenye safu ya walio chini ya mwaka, namba ya juu inapanda bila haki. Dozi za kampeni nazo, kama ile ya surua na rubela ya Februari 2024 iliyolenga watoto wa miezi 9 hadi 59, zina karatasi zake na hazitakiwi kuchanganywa na chanjo za kawaida. Kosa moja la namna hii halina uzito mkubwa kitaifa. Katika zahanati inayochanja watoto 15 kwa mwezi lina uzito sana.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kosa kubwa zaidi kwenu liko kwenye namba ya chini.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu 1,098,668. Sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,024,947. Mkoa umekaribia kuwa mara mbili ndani ya miaka 10. Wewe mwenyewe umeona walikotoka: nyumba zilivyojipanga Mapinga, Kerege na Zinga, watu walionunua viwanja wakiukimbia msongamano wa Dar es Salaam, vijana waliofuata ujenzi na viwanda. Lakini kati ya sensa mbili, anayepanga chanjo anafanya makadirio. Tuchukue mtu aliyekaa na karatasi mwaka 2022 kabla ya matokeo kutoka, akaikuza idadi ya Pwani kwa kasi ya asilimia 2.7 kwa mwaka, ambayo ndiyo kasi taifa zima lililokuwa nayo kati ya 2002 na 2012. Angepata watu kama milioni 1.43. Walikuwepo zaidi ya milioni mbili.

Sasa fanya hesabu. Kama watoto nao walizidi makadirio kwa kiasi hichohicho, basi mkoa uliochanja watoto 80 katika kila 100 waliopo ungesoma kwenye karatasi asilimia 113. Watoto 20 katika kila 100 hawajafikiwa, na karatasi inaonyesha mmepitiliza. Sisemi hicho ndicho kilichotokea katani kwenu, kwa sababu sijaona vitabu vyenu. Nakuonyesha kwamba namba kama yenu inaweza kuzaliwa bila dozi hata moja kuandikwa uongo.

Chukua Tanga, kanuni ni ileile. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 2,045,205, na kasi ya asilimia 2.7 ingekupa karibu milioni 2.67 mwaka 2022. Sensa ilikuta 2,615,597. Walengwa wa Tanga wangekadiriwa kuzidi kidogo, na wauguzi wa Muheza au Pangani waliofanya kazi ileile wangeonekana wako nyuma ya wenzao wa Bagamoyo. Kwa hiyo nikisikia mikoa inashindanishwa kwa asilimia hizi, moja inapewa cheti na nyingine inaonywa, roho inaniuma. Tunaweza kuwa tunaadhibu watu kwa sababu mkoa wao haukuhamiwa.

Sensa ya 2022 imetupa msingi mpya, lakini kila mwaka unaopita tunarudi kwenye makadirio. Na kutoka idadi ya watu kufika idadi ya watoto wachanga kuna hatua nyingine. Unachukua kiwango cha kuzaliana, unapata waliozaliwa hai, kisha kwa chanjo kama Penta unaondoa wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta vifo 33 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Halafu mkoa unagawanywa kwenda wilaya, wilaya kwenda kata, kata kwenda zahanati, kila hatua kwa uwiano. Kufika kwenu, walengwa wa mwaka mzima wanaweza kuwa namba kama 150, na familia chache tu zenye watoto wachanga zikihamia au kuondoka, asilimia inaruka.

Wapo wanaoona haya ya kuandika 113, wakaishusha ikawa 99. Mama, ukiwakuta, wakatalie. Namba 113 inamwambia anayesoma kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, aende akakague. Namba 99 inamwambia akalale.

Kwa sababu ya udhaifu huu, nchi haitegemei ripoti za vituo peke yake. Kila baada ya miaka kadhaa hufanyika utafiti wa kaya. Wadadisi wanakwenda nyumba kwa nyumba katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, wanaomba kuona kadi ya mtoto, wanaandika tarehe ya kila chanjo. Kadi ikikosekana wanamuuliza mama. Hapa hakuna walengwa wa kukadiria: watoto waliokutwa ndio hesabu yenyewe, waliochanjwa na wasiochanjwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta watoto 89 katika kila 100 wa umri wa miezi 12 hadi 23 wamepata Penta ya tatu, lakini waliokamilisha chanjo zote za msingi walikuwa 75. Tafadhali ziangalie namba hizo mbili pamoja. Ni watoto walewale. Aliyesomewa ya kwanza anafurahi, aliyesomewa ya pili anauliza maswali. Kwenye kikao chenu ilisomwa ya aina ya kwanza tu.

Moja ya sababu za pengo hilo kila muuguzi anaijua. Baada ya wiki 14 ratiba inanyamaza kwa zaidi ya miezi mitano, mpaka miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela. Katikati mama amerudi shambani au baharini, mtoto ana afya, hakuna kinachomkumbusha. Kisha ratiba inanyamaza tena mpaka miezi 18 kwa dozi ya pili, na hapo wengi zaidi wanapotea.

Utafiti nao una mipaka yake. Kadi inaloa, inaliwa na panya, inabaki kwa bibi. Ukimuuliza mama mwenye watoto wanne kama huyu wa tatu alichomwa mapajani mara mbili au mara tatu, atajibu kwa nia njema na huenda akachanganya. Kovu la begani linaonyesha chanjo ya kifua kikuu tu, halisemi lolote kuhusu Penta. Halafu ni watu wachache wanaohojiwa. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilisambaza utaratibu wa kuchagua maeneo 30 na watoto saba kila eneo, jumla 210. Ulikuwa rahisi na umesaidia nchi nyingi, lakini ulikusudiwa kutoa jibu linaloweza kupungua au kuzidi kwa pointi 10 hivi: ukipata 80, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 70 na 90. Mwongozo mpya wa shirika hilo wa 2018 unadai uteuzi makini zaidi wa kaya, na idadi ya watoto inayolingana na swali linaloulizwa. Hata hivyo hakuna utafiti wa taifa utakaokujibu kuhusu kata yako. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Zile namba za redioni, mara nyingi, ni makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF huyatoa pamoja kila mwezi wa Julai. Wanachukua ripoti za serikali zinazotokana na tali kama zenu, wanaweka kando yake tafiti za kaya, wanaangalia kama chanjo iliwahi kukatika nchini, kisha wanaamua namba moja kwa kila chanjo na kila mwaka. Ushahidi mpya ukija wanarudi nyuma na kusahihisha hata miaka iliyopita, kwa hiyo usishtuke ukikuta namba ya 2019 iliyochapishwa wakati ule si ile inayochapishwa leo. Kwa mwaka 2024 walikadiria kwamba duniani watoto 85 katika kila 100 walipata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambayo kwetu imo ndani ya Penta, na kwamba watoto milioni 14.3 hawakupata hata dozi moja. Hao milioni 14.3 hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Wanaokosa dozi ya kwanza ya chanjo hiyo wanachukuliwa kuwa ndio ambao huduma haijawafikia kabisa. Nchi zimekubaliana idadi hiyo ipungue kwa nusu ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2019.

Basi wewe kwenye kikao kijacho uombe nini? Acha asilimia. Omba dozi zenyewe. Mwambie mganga mfawidhi: kwa miezi 12 iliyopita, Penta ya kwanza mlitoa ngapi, ya tatu ngapi, na surua ya kwanza ngapi? Akijibu kwa mfano 160, 128 na 112, umepata jambo kubwa bila kuhitaji makadirio ya sensa. Kati ya Penta ya kwanza na ya tatu wamepotea 32 kati ya 160, yaani mmoja katika kila watano. Kwa kawaida wanaoachia njiani wakizidi asilimia 10, kituo kinatakiwa kukaa na kutafuta sababu. Ukienda mpaka surua, wamepotea 48. Makosa ya namba ya chini hayagusi hesabu hii, kwa sababu waliokuja mara ya kwanza ndio kipimo chenyewe. Ukiona dozi za tatu zimezidi za kwanza, nalo ni onyo: ama tali imekosewa, ama watoto wengi walianzia kwingine.

Surua uipe macho zaidi. Ni ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua, na ili usienee inatakiwa watu 95 katika kila 100 wawe na kinga. Dozi moja inayotolewa miezi tisa inawakinga watoto kama 85 katika kila 100 wanaoipata. Hata mkiwafikia watoto 90 katika 100 kwa dozi ya kwanza, wenye kinga hasa watakuwa 76 au 77. Dozi ya pili ipo kwa ajili ya kuziba hapo, na mara nyingi ndiyo haisomwi vikaoni.

Lakini hesabu ya dozi ya kwanza na ya tatu, pamoja na uzuri wake, inawaona wale tu waliokanyaga kliniki angalau mara moja. Wale wakubwa wawili wa jirani yako itawaona. Mdogo wao asiye na kadi haitamwona, wala DHIS2 haitamwona, wala Julai ya UNICEF haitamwona kwa jina. Anayeweza kumwona ni wewe.

Kwa hiyo kijiji kinahitaji orodha ya waliozaliwa. Ninaposema orodha simaanishi jambo la mradi. Daftari la kawaida, ukurasa kwa kila kitongoji: jina la mama, nyumba ilipo, tarehe aliyozaliwa mtoto, alikozaliwa, kadi imeonekana au haikuonekana, tarehe ya Penta ya kwanza, ya tatu, na ya surua. Mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii wanazijua mimba na uzazi wa eneo lao kuliko kompyuta yoyote. Wakunga wa jadi na mabalozi wanawajua hata waliojifungulia nyumbani. Sisitiza kwamba kadi ionekane kwa macho. Mama akiambiwa "umemchanja?" mbele ya wageni atasema ndiyo, nani atakubali kuonekana mzembe? Daftari likijaa, lipelekwe zahanati, likae kando ya rejesta namba 7, majina yalinganishwe moja moja. Waliomo kwenye daftari na hawamo kwenye rejesta ndio jibu la swali lako. Baadhi mtakuta wamechanjwa kwingine na kadi zipo. Wanaobaki ndio wa kufuatwa.

Mikoa mingine imepiga hatua kwa njia ya kompyuta. Rejesta ya chanjo ya kielektroniki ilianzia Arusha, kisha ikaenda Tanga na Kilimanjaro, na faida yake kubwa ni kwamba jina la mtoto linaingia kwenye mfumo, kwa hiyo akihama kituo historia yake inaweza kumfuata, na muuguzi anapata orodha ya waliopitisha tarehe. Ninaipenda kazi hiyo. Ila nayo inaanza kumjua mtoto anapoandikishwa. Daftari la kitongoji halitaacha kuwa na kazi leo wala kesho.

Sasa jirani yako, kwa nini hakwenda? Kwenye ripoti, upatikanaji wa huduma hupimwa kwa umbali: wanaoishi ndani ya kilomita tano kutoka kituoni wanahesabiwa wamefikiwa. Mkulima wa mwani wa Mlingotini anaweza kukaa mwendo wa dakika 20 kutoka zahanati na bado asifikiwe. Wewe wa pwani unalijua hili: kazi ya mwani inafanywa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, na kwenye mwambao wetu maji ya bamvua yanakauka kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi. Saa hizohizo ndizo za kliniki. Bamvua ikiangukia siku ya chanjo, mama anachagua kati ya kamba zake za mwani na foleni, na kamba zisipohudumiwa bamvua hii atasubiri nyingine. Wake wa wavuvi nao, mume akienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, miezi miwili na familia ikamfuata, tarehe ya wiki ya kumi itawakuta huko. Bara kidogo, kwenye mifugo ya bonde la Wami, ni maji na malisho yanayoamua. Umbali hauonyeshi lolote kati ya haya.

Na yupo anayefika akarudishwa. Chupa ya chanjo ya kifua kikuu ina dozi 20, ya surua na rubela 10, na zikishachanganywa zinatakiwa zitumike ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu upotevu anamwambia mama: watoto hawajatosha, rudi Alhamisi. Amekuja na nauli ya bodaboda, Alhamisi hana. Naomba mlishike hili kwenye kamati: mtoto mmoja anatosha kufungua chupa. Chanjo inayomwagika ina hesabu yake na wilaya inajua kuipanga. Mama aliyerudishwa hana safu kwenye ripoti yoyote. Waulizeni kina mama wenyewe ni wangapi wamewahi kurudishwa mwaka huu. Kwangu mimi hicho ni kipimo cha huduma kizuri kuliko kilomita.

Kuhusu watoto wa jirani yako: hawajachelewa. Dozi za Penta walizokwisha kupata hazirudiwi, wanaendelea walipoishia, kwa kupishana angalau wiki nne. Surua na rubela watapewa pia. Mdogo asiye na kadi ataanzishiwa kadi na ratiba kulingana na umri wake. Chanjo ya kuhara ina ukomo wa umri, hiyo muuguzi ataangalia tarehe ya kuzaliwa aamue. Ratiba yote ya watoto inatolewa bure. Nenda naye wewe mwenyewe kama unaweza, kwa sababu akina mama wengi wanaacha kliniki baada ya kufokewa mara moja tu kwa kupoteza kadi, na ukiwa pembeni yake kama mjumbe hatafokewa.

Kisha mpeleke mganga mfawidhi ombi moja lililoandikwa: siku ya huduma ya mkoba, ile ya wauguzi kuwafuata watu walipo, kwa vitongoji vya pwani isifungwe kwenye juma fulani la mwezi, ipangwe kwenye maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, wakati wakulima wa mwani wako nyumbani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo bamvua; siku saba hivi baada ya kila mmoja ndiyo maji mafu. Mzee yeyote wa ufukweni atawapangia tarehe za miezi mitatu mkiwa mmekaa, nanyi mzibandike sokoni na kwenye mbao za misikiti kabla bamvua inayofuata haijaanza.